Mume Wangu Kaponywa na Kombe au na Vidonge?

Mpendwa Bi Faraja,

Naomba msaada wako na naomba usicheke, kwa sababu kila ninayemsimulia jambo hili anaanza kwa kunipa pole na kumalizia kwa kushika mbavu, hata mama yangu mzazi, na huku ndoa yangu inavunjika na mimi sijui nimkasirikie nani.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nimesoma mpaka kidato cha nne, ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa mwani, na tangu shuleni nina tabia ya kuandika shajara kila siku kwa tarehe, kwa hiyo haya ninayokueleza si ya kukisia. Kwetu ni kisiwa kidogo cha Jibondo lakini nimeolewa Kilindoni na fundi wa injini za boti anayeitwa Mudrik, mtu mpole, mcheshi, anayempenda binti yetu Sabra kuliko macho yake, na alikuwa mlevi. Sisemi alikuwa anaonja, nasema alikuwa mlevi wa tembo la mnazi, na kisiwa hiki cha Mafia kina minazi kila unapogeuka, sasa mtu wa hapa akitaka kulikimbia tembo akimbilie wapi. Alikuwa akifunga kazi alasiri anapita kilabuni, anarudi usiku akiimba, na siku moja alifungua injini ya mteja akaifunga, zikambakia parafujo kadhaa mkononi, akaniletea nyumbani akasema niziweke vizuri kwa sababu injini imeonyesha haizihitaji. Kesho yake injini hiyo ikazima wakati boti imepeleka wageni kisiwa cha Shungimbili, wageni wakalala mchangani na wavuvi, wakala walichokula wavuvi, na mwenye boti akaja kwangu kunitukania mume.

Hapo nikamwambia Mudrik mbele ya mama yake kwamba imetosha, siku atakayokunywa tena mimi na Sabra tunarudi Jibondo. Alilia, akakubali kutibiwa. Sasa, Bi Faraja, matatizo yangu yalianza na matibabu, maana yalikuja mawili kwa pamoja.

Mama mkwe wangu, Bi Jokha, ambaye ana damu ya Kiomani upande wa baba yake na atakukumbusha hata kama hukuuliza, alisema mwanawe hana ugonjwa wowote, ana jini anayependa tembo. Akampeleka kwa Maalim Hamoud, na Maalim akawa anamwandikia kombe kila Alhamisi, yaani zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi ya mawaridi, mgonjwa akanywa. Tena Maalim akamtaka awe anafika msikitini alasiri na asiondoke mpaka magharibi, na alipogundua kwamba Mudrik ana sauti ya kuita boti iliyo mbali akampa adhana ya magharibi. Ramadhani nzima mtaa wetu ulifuturu kwa sauti ya mume wangu. Walikuwepo waliosema adhana yake ina mkato wa taarabu, lakini walifuturu.

Na upande wa pili yuko kaka yangu Ukasha, ambaye ni tabibu. Yeye alisema jini hayumo, kilichomo ni uraibu, na uraibu ni maradhi kama maradhi mengine, akampeleka kwa daktari bara, wakarudi na vidonge ambavyo Mudrik alikuwa anavimeza kila asubuhi mbele yangu, na Ramadhani wakati wa daku. Ukasha alitueleza vizuri kwamba mtu akimeza vidonge hivyo kisha akagusa pombe hata kidogo, uso utaiva, moyo utakwenda mbio na atatapika mpaka ajute kuzaliwa.

Bi Faraja, mume wangu akapona. Tangu kabla ya Ramadhani hakugusa tembo, injini alizofunga zilikwenda na kurudi, parafujo zote zikatosha. Mimi nikadhani sasa tutapumzika, kumbe ndiyo kwanza vita vinaanza, kwa sababu kila mmoja alitaka ushindi uandikwe jina lake. Bi Jokha akatangaza kisomo cha shukrani, akachinja beberu, akaalika mtaa mzima, ili Maalim ashukuriwe hadharani. Ukasha akasikia akaja na shati lake jeupe la kazini makusudi.

"Shikamoo, mama," akasema mlangoni.

"Marahaba, daktari. Umekuja kuona kazi ya Mungu?"

"Nimekuja kuona kazi ya Mungu na ya vidonge, mama."

"Vidonge! Vidonge hata kuku wangu nawapa. Jini wapi na vidonge wapi?"

"Lakini mama, mbona jini mwenyewe alikuwa anaamka saa kilabu kinapofunguliwa tu?"

"Ana adabu zake. Asubuhi anamwacha mtu afanye kazi."

Watu wakacheka, Ukasha akachukia, akaanza kueleza mambo ya ubongo kwa sauti ya mkutano, mama mkwe naye akapandisha ya kwake, mpaka Maalim Hamoud akawauliza, "Jamani, mnagombea mgonjwa au mnagombea beberu?"

Sasa, asubuhi hiyo marashi ya mawaridi yalikuwa yamekwisha ndani, na sokoni hayakuwepo kwa sababu boti ya mizigo kutoka bara ilikuwa haijaja. Mimi nikasema isiwe tabu, nikatoa chupa yangu niliyoletewa na wifi yangu Afrah kutoka Maskati, chupa nzuri sana, imeandikwa Kiarabu kutoka shingoni mpaka kitakoni, huwa napaka kidogo kwenye nguo siku za harusi na harufu yake nafua haitoki. Bi Jokha aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akaiweka kwenye paji la uso, akasema, "Hii imetoka nchi ya babu zangu, na imeandikwa lugha ya Qurani. Hii ndiyo yenyewe." Maalim akaandika aya zake huko barazani, akapitisha sahani kwenye pazia, na Bi Jokha akaiosha jikoni mwenyewe, maji kidogo na marashi kwa roho safi, maana siku ilikuwa ya shukrani. Mudrik akaitwa, akapiga bismillahi, akanywa yote, akakunja uso akasema, "Mama, hii kali." Mama yake akamjibu, "Ukali wa baraka huo, meza."

Sinia za pilau hazijamaliza kupangwa mume wangu akaanza kuiva uso kama pweza wa kuchemsha, akashika kifua, akatapika kwenye mkeka na kwenye kanzu ya mgeni wa heshima aliyekaa karibu naye. Bi Jokha akapiga vigelegele, "Anatoka! Anatoka! Mpisheni mlangoni!" na wallahi, Bi Faraja, watu wazima na ndevu zao wakasogea mlangoni ili jini apite. Ukasha akawasukuma akaingia, akampima mapigo ya moyo, akamnusa mdomo, akanigeukia akasema, "Dada, huyu kanywa. Spiriti hii hapa inanuka. Vidonge havimsingizii mtu." Nikainama nikanusa na mimi. Kweli, spiriti, na mawaridi juu yake, nikajua amejipaka marashi kuficha. Yeye kila akipata nafasi kati ya kutapika na kutapika anasema, "Wallahi sijanywa, Mama Sabra, wallahi sijanywa," na mimi kwa hasira na aibu nikasema mbele ya mtaa mzima, "Mlevi ni mlevi tu!" nikamchukua mtoto, nikafunga kitenge cha nguo, nikapanda mashua kuja kwetu.

Sasa niko hapa Jibondo kwa mama yangu, na mama amechoka kuniona nikilia kisha naomba maji ya kunawa uso, anasema maji ya hapa yanaletwa kwa mashua, yamesafiri baharini kuliko mimi, nilie kwa kipimo. Ukasha ananipigia simu ananiambia nisirudi, sayansi imesema. Bi Jokha ananipigia ananiambia nirudi haraka, jini mkubwa ametoka, wamebakia watoto wake, na chupa ameitunza vizuri, Alhamisi hii atampa Mudrik kombe jingine kwa marashi yale yale ili wamalizike. Na Mudrik mwenyewe amenitumia ujumbe wa sauti nimeusikiliza mpaka nimeukariri, anasema, "Mama anasema nina jini, shemeji anasema mimi muongo, wewe unasema mimi mlevi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Kama kunywa nimeshahukumiwa nimekunywa, basi bora nikanywe kweli nipate haki yangu." Vidonge ameviacha, msikitini haendi, magharibi anaadhini mtu mwingine, na jirani kaniambia jana alimwona amesimama kwenye njia ya kilabuni, amesimama tu, muda mrefu, kisha akarudi nyumbani.

Bi Faraja, niambie ukweli. Dini ina faida yoyote kwenye ulevi au tungefuata hospitali peke yake? Na kama vidonge havisemi uongo, mimi nimsamehe mtu aliyeniapia kwa Mungu huku ananuka spiriti, au nidai talaka yangu?

Mimi Mama Sabra,
Jibondo, Mafia.

*

Mama Sabra,

Umeniomba nisicheke na nimeshindwa, nisamehe. Nimecheka mpaka nilipofika kwenye ile chupa. Hapo nimeinuka kwenye kiti.

Mumeo hakunywa tembo. Mmemnywesha nyinyi, jikoni kwenu, kwa bismillahi na vigelegele.

Maji ya mawaridi yanayotiwa kwenye kombe na kwenye vitamu ni maji, yananukia kidogo na kupotea. Marashi ya kupaka nguoni, yale ambayo unafua na harufu haitoki, kwa kawaida yanatengenezwa kwa spiriti, na spiriti ni pombe, tena kali kuliko tembo lolote lililowahi kugemwa hapo kisiwani. Mtu anayemeza vidonge vile akimiminiwa pombe hiyo "kwa roho safi" lazima aive kama pweza. Kama shemeji yake alivyosema, vidonge havikusingizia. Vilisema kuna pombe tumboni. Nani aliyeitia, hilo mlitakiwa kuuliza nyinyi wenye midomo.

Na mama mkwe wako mwambie kwa adabu, maana ni mama yako: Kiarabu ni lugha ya Qurani, lakini kule Maskati hata dawa ya mende imeandikwa Kiarabu. Siku Afrah akimletea hiyo, ataibusu pia?

Kwa hiyo kabla hujamaliza kusoma mistari hii, mpigie simu Bi Jokha. Chupa itoke jikoni leo. Usimwambie kwamba alitaka kumuua mwanawe, utagombana naye hadi Alhamisi ipite. Mwambie yale ni marashi ya nguo, yana pombe ndani, na pombe ni haramu hata ikitoka kwa babu zake. Atakuelewa mara moja, na utashangaa atakavyoitupa mbali.

Kisha mpigie kaka yako. Huyu nimemkasirikia kuliko mama mkwe, kwa sababu Bi Jokha hakusomea kazi hii. Ukasha alinusa spiriti akatosheka. Je, mawaridi hakuyanusa? Mtoto wa kisiwa cha minazi hajui kwamba tembo linanuka chachu? Ni nani aliyewahi kutoka kilabuni ananukia kama bibi harusi? Alikuwa ameshaamua jibu kabla hajapima, kwa sababu siku ile alikuja kushinda, hakuja kutibu. Hiyo si sayansi, Mama Sabra. Hayo ni majigambo yaliyovaa shati jeupe. Mwambie kaka yako kwamba Mudrik amekunywa marashi ya nguo na tangu siku hiyo hajachunguzwa na mtu yeyote, aende akamwone leo, ampime, na ampigie simu yule daktari wa bara amweleze kilichotokea. Vidonge Mudrik asivirudie kwa kukisia wala asiviache moja kwa moja kwa hasira. Daktari ndiye atakayesema. Kombe, kama anapenda kuendelea nalo, lioshwe kwa maji matupu, na daktari ajulishwe. Sioni popote katika barua yako ambapo Maalim alimwambia aache hospitali. Katika nyumba hiyo nzima, Maalim ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana, na nyinyi mkadhani anafanya mzaha.

Sasa swali lako la dini na hospitali. Unaniuliza kana kwamba kuna beberu mwingine anasubiri kuchinjwa na unataka kujua apewe nani. Sikupi jibu la hivyo. Vidonge vilifanya kazi yake, tena nzuri, na mtu akikwambia maradhi ya ulevi yanataka dua tu, mkatalie. Lakini kidonge cha asubuhi hakijui kumshika mtu mkono alasiri, pale kazi imekwisha na miguu imezoea njia. Wewe mwenyewe umeandika mumeo alikuwa wapi saa hizo, na hukuona ulichokiandika. Alikuwa msikitini, ana kazi ambayo mtaa mzima unaitegemea, watu na tende zao mkononi wanasubiri sauti yake. Kwa mtu aliyekuwa anasubiriwa na walevi wenzake tu, hilo si jambo dogo. Mimi sijui habari za majini na sitabishana na Bi Jokha. Ninachojua ni kwamba imani ilimpa Mudrik pa kwenda na watu wa kumngoja, na hospitali haina kidonge cha hivyo. Imani hiyo hiyo, ikishikwa na mtu anayebusu chupa bila kuuliza ndani mna nini, ilimtapisha mbele ya wageni. Na sayansi, ikishikwa na mtu anayetaka ligi, ikampa hukumu bila kesi. Ndiyo sababu siwezi kukuchagulia moja.

Lakini kuna jambo mmelisahau nyote watatu katika kugawana sifa. Nani alipita njia ya kilabuni kila siku bila kuingia? Siyo Ukasha. Siyo Maalim. Kidonge angeweza kukificha chini ya ulimi ukageuka akakitema, na adhana angeweza kusingizia mafua. Hakufanya hivyo. Na juzi baada ya kuaibishwa, hana mke nyumbani, hana kidonge, hana msikiti, akasimama kwenye njia ile muda mrefu, na akarudi nyumbani. Jirani yako amekuletea habari hiyo kama shitaka. Isome tena. Mimi nimeisoma mara mbili na mara ya pili sikucheka.

Lakini usimwache asimame pale siku nyingi. Nguvu za mtu zina mwisho, na zake mnazimaliza nyinyi.

Talaka? Talaka ya nini? Ulisema siku akinywa tena utaondoka. Hakunywa. Neno lako bado liko palepale, na yeye amelitimiza kuliko wewe. Na nikwambie jingine ulibebe: hata angekuwa ameteleza kweli, mgonjwa aliyeteleza anarudishwa kwa tabibu, hatangazwi mbele ya sinia za pilau. Hiyo shajara yako ya tarehe ni nzuri sana, lakini naona unaandika yaliyotokea bila kumuuliza aliyetokewa.

Rudi Kilindoni na mtoto wako kwa mashua ya kwanza utakayoipata. Usiende kwa Bi Jokha kwanza, usiende kwa kaka yako kwanza. Nenda kwa mumeo, na ukifika usianze na habari za chupa kama mwanasheria anayejitetea. Anza na kwamba umekosea. Chupa itafuata. Baadaye waite wale wote waliokuwepo, hata yule wa kanzu, mfulie kanzu yake bure, na useme mbele yao kwamba Mudrik hakunywa, kwa sauti ile ile uliyotumia siku ile. Kaka yako aseme baada yako, na mama mkwe aseme baada yake, na asiyetaka kusema asipewe chakula.

Usiniandikie tena kuniuliza kama hasira zake zitaisha, au umwambie maneno gani hasa. Hayo atakujibu mwenyewe. Namba yake unayo, na ujumbe wake wa sauti umeukariri lakini hujaujibu. Weka gazeti chini, piga.

Bi Faraja